Simu ya Dukani kwa Don Eligio

Kwa miezi mingi Don Eligio aliamini kwamba watu wa siku hizi hawana adabu. Wanapiga simu dukani kwake, anaitika, wao wanasema "aló, aló" kama viziwi, kisha wanakata. Aliuza vipuri vya pikipiki pale mjini La Vega na wateja wake wengi walikuja wenyewe, hivyo simu haikumkosesha usingizi. Aliyemkosesha usingizi ni bintiye, Nurys.

Nurys alikwenda kuishi Madrid, ng'ambo ya bahari, baba yake hataki. Asubuhi ya safari alisimama mlangoni na begi lake, akasema kama mtoto yeyote wa kwao anavyomwambia mzazi wake, "Baraka, baba." Jibu ni moja tu, Mungu akubariki, na hata mtoto akuudhi namna gani humnyimi. Don Eligio aligeuza uso, akaendelea kupanga minyororo.

Alijuta kabla teksi haijafika kona. Kwa hiyo Nurys alipopiga simu dukani, maana mzee simu ya mkononi hakutaka hata kuiona, alimjibu upesi, "Mungu akubariki, mwanangu." Nurys akarudia, "Baraka, baba." Akajibu tena, kwa sauti ya juu. Binti akaomba mara nyingine, akilia, kisha akakata. Alipopiga siku nyingine ikawa vilevile. Don Eligio akaona analipizwa, binti anajifanya hasikii ili naye aonje. Akanuna. Simu za Madrid zikakoma.

Yokasta, fundi wa simu hizi zinazopita kwenye intaneti, alikuja kwa sababu muuza matairi wa jirani alichoka kupiga bila kujibiwa. Alikagua nyaya, akazima na kuwasha kila kitu, kisha akatoka barabarani akapiga namba ya duka. Don Eligio alimsikia vizuri kabisa, akamwambia hivyo. Yokasta alirudi ndani akikuna kichwa.

"Mimi sijasikia kitu, Don. Sauti ya nje inaingia, yako haitoki. Nani alifunga hiki kisanduku cha intaneti?"

"Mimi. Cha zamani kiliunguzwa na radi."

"Na hukuniita."

"Wewe hata ukinywa kahawa yangu unanitoza."

Yokasta alicheka, akafungua mipangilio ya kisanduku kwa kompyuta yake na kuondoa kinga iliyokuwa ikizuia sauti kutoka. Mzee hakucheka. Aliuliza polepole kama ilikuwa hivyo tangu alipokifunga. Tangu siku ileile, Yokasta akamwambia. Radi ilipiga wiki aliyoondoka Nurys. Don Eligio alikaa juu ya kreti.

Simu ilipotengemaa, alipiga namba aliyopewa na dada yake. Ikapokelewa. Alisikia kifuniko cha sufuria, na mtoto mchanga akilia, mtoto ambaye hakuna aliyemwambia habari zake.

"Nurys, ni baba. Mungu akubariki. Nilikuwa nakujibu, mwanangu, kila mara. Simu ndiyo ilikuwa mbovu."

Mtoto akabembelezwa, akanyamaza. Don Eligio aliziba simu kwa kiganja, akamgeukia fundi kwa matumaini.

"Bado haitoki, siyo?"

Yokasta alitazama kioo cha kompyuta yake, sauti zikionekana kwenda na kurudi. Alitamani kumdanganya.

"Inatoka, Don. Anakusikia."

Mzee alirudisha simu sikioni, akasema tena Mungu akubariki, na tena, mpaka Madrid wakakata.