Yowe Gotini

Mwaka 1987 goti la Eufrazia lilivimba, likagoma kukunjika, naye akalibandika jina la Mheshimiwa, kwa kuwa halikuinama mbele ya mtu. Vita vilimchukua mwanawe mmoja, ugonjwa mpya ukamchukua wa pili. Aliyebaki ni Bashiri, mchuuzi wa samaki kisiwani Goziba, naye alikuwa ametuma neno: mwisho wa mwezi anakuja kumhamisha mama. Eufrazia aache kibanja chake cha migomba cha Izimbya, akazeekee ugali wa muhogo? Bora kaburi, lina migomba juu yake.

Majirani walimfunga goti kwa magome ya mgomba, wakamkataza kutikisika. Likazidi kukaza. Ndipo Klaudia, mmoja wao, akampakia kwenye baiskeli hadi zahanati.

"Bibi, nani kakufunga kama gunia la kahawa?" aliuliza tabibu Rugemalira.

"Wanaonipenda."

Tabibu akafungua magome. "Kwenye ncha za mifupa kuna gegedu, tandiko laini linalozuia mifupa isisagane. Halina mishipa ya damu. Chembe zake hulishwa na majimaji ya gotini, nayo huingia vizuri ukikandamiza na kuachia, kama wanaume wakanyagavyo ndizi za pombe ya lubisi. Sasa humo ndani uvimbe unapiga yowe. Chembe zikilisikia hufungua milango, zikanyakua sukari kupita kawaida, kisha zinabomoa kuta zao zenyewe."

"Kama sisi wakati wa vita," alisema Eufrazia. "Tulisikia yowe, tukala hata mbuzi wa mahari. Adui hakufika."

"Ndiyo hivyo. Aspirini itatuliza yowe, uimeze ukishakula. Uvimbe ukipungua, kunja, nyoosha, polepole. Ila halitakuwa tena goti la msichana."

"La msichana nilipeleke wapi?"

Yowe lilipopoa, Klaudia alimkuta ameshika nguzo ya nyumba, anakanyaga hewa.

"Wewe, mwanamke hakanyagi lubisi. Mwiko."

"Nakanyaga kavu."

Bashiri alipofika alikuta kitanda kitupu. Alikuwa ameshazika ndugu wawili. Akazunguka nyuma ya nyumba, akamwona mama yake kati ya migomba, fimbo mkono mmoja, kisu mkono wa pili, anapogoa majani makavu.

"Mama, mtumbwi unasubiri ziwani."

"Na mkungu huu unaanguka. Katafute mti wa kuuegemeza."

Bashiri alilitazama lile goti. Likakunjika kidogo, kwa kinyongo, Eufrazia akaokota jani. Bashiri akavua shati, akaenda kukata mti.