Herufi Moja ya Kumfufua Mama Moto

Bosi alimfufua Mama Moto kwa herufi moja. Katika sehemu ya kwanza ya gemu letu, mama huyo, mlinzi wa moto wa kijiji, anakufa, na mumewe, mzee Bawabu, anasema neno moja tu: "Amezima." Wachezaji walilia. Wengine walituandikia matusi, nami, mwandishi wa gemu, nikavimba kichwa kwa furaha. Sasa tulikuwa tukitengeneza sehemu ya tatu, na bosi alitaka mama arudi kwa sababu wachezaji wanampenda.

"Tunaongeza i," alisema. "Amezimia. Kumbe hakufa, alizirai tu."

"Na ataamshwa na nini?"

"Uchawi mpya. Unaitwa Pumzi. Mtu anampulizia mwenzake, anaamka."

"Uchawi huo haukuwepo."

"Ulikuwepo tangu mwanzo. Hatukuutaja tu."

Nilimwambia uongo wa namna hiyo hata watoto hawadanganyani. Akanijibu kwamba mteja ni mfalme. Kwa kuwa mshahara wangu unatoka kwake, nikanywea.

Shida yangu hasa haikuwa hiyo herufi. Sauti ya Bawabu ni ya baba yangu, mtangazaji mstaafu wa redio. Alirekodi "Amezima" wiki ileile tuliyomzika mama yangu, kwa sababu alikuwa ameahidi, na mtu wa redio hakosi kipindi. Nyumbani hajawahi kusema mama amekufa. Husema "mama yenu hayupo", kama vile katoka kwenda sokoni. Ni pale tu kwenye maiki alipolisema, na mimi ndiye niliyemwandikia neno lenyewe. Kumwita aje alifute kuliniogopesha kweli.

Alikuja kavaa tai. Chumba chetu cha kurekodia ni stoo iliyopigiliwa magodoro ukutani. Fundi wa sauti alizima feni kwa sababu inanguruma, tukaanza kuiva. Baba alivaa miwani, akasoma karatasi mpaka chini, akarudi juu.

"Hii Pumzi, Bawabu anayo?"

"Anayo, mzee," bosi alijibu. "Kila mtu anayo, tangu mwanzo."

"Na siku ile alikuwa kando ya mkewe."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo alikuwa nayo, akakaa tu."

Bosi alinitazama. Mimi nilitazama godoro. Fundi wa sauti, ambaye hufungua mdomo kwa nadra, alisema, "Hapo pana tatizo."

"Alikuwa hajui kama anayo, mzee," bosi akajitetea.

"Mkeo akuzimie mkononi, hata kupuliza usijaribu?" Baba alivua miwani. "Wanangu, mnamfufua mke, mnamuua mume."

Bosi, nimpe haki yake, hana ubishi akishabanwa. Alisema basi Pumzi iwe imegunduliwa juzi, baada ya msiba, na Mama Moto abaki alivyo. Baba akasema hapo sawa. Nikawa nimeshinda kesi bila kufungua mdomo, na gemu likabaki na uchawi usiomfaa mtu.

Nilimsindikiza Baba mpaka kwenye ngazi. Alishika chuma cha kujishikilia, lakini hakushuka.

"Asubuhi ile mama yako aliniita mara mbili," alisema. "Nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari. Nikamwambia ngoja iishe."

Hakuwahi kuniambia hilo. Moyo uliniuma vibaya, nikamwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Daktari aliyempokea mama siku ile, mimi sikuwahi hata kuzungumza naye.

"Usingeweza kumsaidia, Baba. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, na ulikuwa umeshapasuka kabla hajakuita."

"Alisema lini?"

"Tangu mwanzo. Sikukutajia tu."

Baba aliitikia kwa kichwa.

"Ungetaja mapema," alisema, akaanza kushuka ngazi.