Vita Visivyongoja Zamu

Kwa mwaka mzima Muthoki alikuwa hashindwi. Mchana, kazi za kupiga chapa zilipopungua katika ofisi yake ndogo pale Kayole, alifungua kwenye kompyuta mchezo wa vita vya kale vya Wajapani, aliotumiwa na binamu yake Mutunga aliyekuwa akisoma Osaka. Kijapani hakukijua hata neno, lakini picha zote alizizoea. Unapanda mpunga, unajenga ngome, unatuma askari, kisha unakaa. Adui naye anacheza zamu yake.

Julai 1998 Mutunga akamtumia CD nyingine. "Hii ni nyongeza," aliandika. "Iweke juu ya ule mchezo wa kwanza. Ngome ni zilezile, ila vita vimebadilika."

Ramani ikaja ileile kweli. Muthoki akatuma wapanda farasi mia tatu mtoni, akageuka kumhudumia mama mmoja aliyetaka barua ya kuomba kazi. Alipoirudia skrini, ngome yake ilikuwa ikiwaka moto.

Akadhani mashine imeharibika. Akaanza upya. Akawaamuru wapiga mishale wapande kilima, na kabla hajawagusa wapanda farasi, wapiga mishale walishakufa. Akabonyeza kitufe baada ya kitufe akitafuta cha kumaliza zamu. Hakukiona.

Kwenye benchi, Mzee Phares alikuwa akisoma gazeti. Alikuwa jirani yake, mstaafu wa reli, aliyeongoza treni kwa ishara miaka ishirini na sita.

"Mzee, hebu njoo uone. Hawa watu hawaningoji."

Mzee akavaa miwani, akainamia skrini.

"Wanasogea wote pamoja," akasema.

"Ndiyo. Sasa nimwangalie nani?"

"Usimwangalie mtu. Angalia daraja, pale mtoni. Yule wa kikosi cha mbali mwambie aondoke sasa. Huyu wa karibu mzuie kwanza."

"Nikimzuia si atapigwa?"

"Atapigwa kidogo."

Muthoki akakituma kikosi cha mbali, akakizuia cha karibu. Askari wake wakaanza kuanguka. Alitaka kuwaokoa, lakini kila alipopeleka mkono, mzee alisema, "Bado." Alihisi kama mtu anayevushwa barabara amefumbwa macho.

"Haya, mwachie."

Vikosi viwili vikafika darajani kwa pamoja, na bendera nyekundu za adui zikatoweka.

"Umejuaje, mzee?"

Phares akavua miwani. "Sijui. Nimeona tu watakutana wapi."

Mzee alipoondoka, Muthoki akajaribu peke yake. Alitazama daraja kwa makini, na wakati huo adui akamvamia kilimani. Akarudia. Safari hii alitazama kilima, akapoteza daraja.

Jioni akamwandikia Mutunga. Alimshukuru kwa CD, akamweleza kwamba ameshinda mara moja na hajui ameshindaje, kisha akatia jalada la CD katika bahasha na kumwomba asome maandishi yake ya Kijapani, amwambie kama kuna mahali palipoandikwa mtu atazame wapi kwanza.