Mtu wa Melbourne na Mkate wa Slava

Yeyote aliyemuuliza Vukašin kama Melbourne ni mbali alijibiwa kwa upole ule wa mtu anayemwonea huruma mjinga. Kwake hakukuwa na mbali tena. Kutoka Belgrade ni kilomita elfu kumi na tano na ushei: ndege mbili, filamu nne, usingizi mmoja, umeshuka. Nyinyi mliojifungia nyumbani Niš, alizoea kusema kwenye simu, ndio mnaoiona dunia kubwa.

Dada yake, Radmila, aliyasikia hayo kwa miaka kumi na minane, na katika miaka yote hiyo usingizi huo mmoja haukumleta kaka yake nyumbani hata mara moja.

Mwaka huu baba yao, mzee Svetozar, alisema wazi kwamba miguu imekataa. Siku ya slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, mwenye nyumba husimama tangu asubuhi, haketi mbele ya wageni. Sasa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wao, ilihitaji mwenyeji mpya, na slava hupokewa na mwana wa kiume. Vukašin akaahidi kuja. Akatuma ramani yenye mstari mwekundu uliopinda juu ya bahari, pamoja na saa za kuruka na kutua. Mzee alipoona kwamba anafika mwanzoni mwa Desemba, wiki mbili kabla ya siku yenyewe, alizunguka mtaa mzima akitangaza jinsi mwanawe alivyokumbuka nyumbani.

Siku ya pili baada ya kufika, Vukašin alishuka ngazi amevaa suti. Alikuta meza tupu, na Radmila jikoni akichambua maharage ya mfungo.

"Wageni wako wapi?"

"Wageni gani?"

"Dada, leo si tarehe sita, Mtakatifu Nikola? Nimeangalia kwenye simu."

Radmila akaweka bakuli chini taratibu.

"Huyo ni wa Wakatoliki. Wetu sisi Waorthodoksi ni tarehe kumi na tisa, tangu babu wa babu yako. Umepima bahari zote, kaka, ukapotelea mlangoni kwenu."

Vukašin alicheka, kisha akaacha. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya tarehe kumi, na kazini hawangemwongezea siku. Akamwendea baba yake na kumshauri wakate mkate wa slava leo leo. Mkate ni mkate, Mungu hatazami kalenda.



"Mtakatifu hana tiketi ya kurudi," mzee alisema. "Anakuja siku yake."

Siku ya kuondoka alimfunga mwanawe skafu shingoni, kama alivyomfunga alipokuwa akienda shule. Vukašin akaahidi: mwakani atakuja, ni usingizi mmoja tu.

Tarehe kumi na tisa padri aliuliza ni nani atakayegeuza mkate pamoja na mzee na hivyo kuipokea slava. Binamu wa kiume wakajiweka sawa. Svetozar akaita jikoni.

Radmila alitokea na magamba ya samaki kwenye aproni.

"Mimi, baba? Watu watasema."

"Waseme wakiwa wameketi. Wewe utasimama."

Mikono yao ikakutana chini ya mkate. Hapo simu ikaanza kulia rafuni, na jina la Vukašin likawaka.

"Iache," mzee alisema. "Si ni karibu? Atapiga tena. Geuza."