Mguu Ulioshika Sabato

Ijumaa moja ya mwaka 1971, Drusilla Kwamboka alikuwa wa tatu kwenye foleni ya kupima majani chai karibu na Nyamache, kikapu mgongoni, lori liliposerereka kinyumenyume na kumbana mguu wa kulia kwenye nguzo. Muundi ulivunjika ukachomoza nje ya ngozi. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Alichouliza kwanza ni kama majani yake yamepimwa. Hayakuwa yamepimwa, yakapimwa, kilo kumi na tisa.

Wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda. Walipokuwa wakivuka mto jua likatua, Sabato ikaingia, na damu ikasimama. Si kwamba iliganda. Tone moja lilibaki likining'inia kisiginoni, halidondoki wala halirudi. Drusilla alikuwa amebatizwa katika mto huohuo, mguu ukiwemo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

"Umepumzika," alisema Makori, mzee wa kanisa lao la Wasabato, bila kuachia pembe ya kitanda. "Ni vizuri."

Hospitali ilikuwa na mpasuaji mmoja, Daktari Haresh, ambaye kila Ijumaa mchana alikwenda kwa jamaa zake Kisumu na kurudi kesho yake jioni. Kwa miaka minane iliombwa nafasi ya mpasuaji wa pili. Wahenga husema subira huvuta heri, lakini mfupa uliotoka nje haujapata kuisikia methali hiyo: ukichelewa kuoshwa, jeraha huoza, na baada ya hapo ni msumeno. Nyangate, muuguzi wa zamu, alilijua hilo. Alilisafisha jeraha, akalifunika, akamwomba Mungu msamaha mapema.

Asubuhi alilifunua. Lilikuwa bichi vilevile. Adhuhuri, vilevile.

"Mama, mbona haliozi?"

"Leo halifanyi kazi," alisema Drusilla, "hata ya kuoza."

Jua la Jumamosi lilipotua, tone likadondoka. Daktari alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini. Alilikagua jeraha, akasema lina umri wa saa moja. Nyangate akamwambia ni la jana. Daktari aliandika yote mawili, akanawa mikono. Aliuosha mfupa kwa ndoo mbili za maji ya chumvi, akakata nyama iliyokufa, akaunyoosha, akaufunga plasta.

Juma la kumi na nane daktari alitaka kuitoa plasta. Drusilla alimkumbusha kwamba mfupa haukuwa ukiunga siku za Jumamosi. Daktari akapiga hesabu, akaona kweli, wakangoja hadi la ishirini na moja. Sabato iliyofuata Drusilla alipita katikati ya kanisa bila fimbo, kisigino kikigonga sakafu, na alijivuna. Alikiri mwenyewe kwamba alijivuna. Kilima kizima kilijivuna naye.

Daktari naye, kwa fahari, aliwaandikia wakubwa wake wa afya wilayani kisa hicho. Jibu halikuchelewa: kwa kuwa imethibitika kwamba majeraha ya huko husubiri, ombi la mpasuaji wa pili limefungwa.

Mwezi uliofuata Ratemo, jirani wa Drusilla, fundi wa mabati na Mkatoliki, alianguka kutoka paani Ijumaa jioni, akavunjika mguu. Jeraha lake lilifanya kazi usiku kucha na Jumamosi nzima. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Wazee wa kanisa walikwenda wodini pamoja na Drusilla, wakamshauri abatizwe ili mguu uliobaki uwe salama.

"Nyasae, Mungu wetu sote, awabariki," alisema Ratemo. "Mama, mguu wako ni mzuri, nausifu. Lakini mimi nilivunjika kama mtu yeyote. Nilihitaji daktari, si dini."

Makori aliudhika. Drusilla aliona uchungu, kisha fahari, na safari hii haikuwa ya mguu wake bali ya maneno ya jirani yake. Akaenda ofisini kwa wale wakubwa wilayani kuuliza mpasuaji wa pili ataletwa lini. Karani aliutazama mguu, akampongeza, akamwambia asubiri.

Kulikuwa na kiti. Drusilla alisimama mbele ya meza ile, kwa miguu yote miwili, mpaka ofisi ikafungwa.