Watu Elfu Tano Mia Moja na Kumi na Wawili

Mama mdogo alinilea tangu nina miaka sita, na mimi ndiye niliyemfuta. Nianze na hilo, kwa sababu watu wakiisimulia habari hii humrushia mkurugenzi mawe yote, na mimi hunipa pole ambayo si haki yangu.

Nilifanya kazi miaka kumi na moja katika ofisi inayotoa orodha za muziki za kila wiki. Ofisi yenyewe ni vyumba vitatu juu ya duka la rangi, na siku za joto harufu ya rangi ilipanda ngazi ikatukaa kooni. Tulikuwa na orodha mbili, ya nyimbo na ya albamu. Kila Jumatano maduka ya mtandaoni yalituletea mafaili yao: wimbo gani umenunuliwa, mara ngapi, kwa bei gani. Mimi ndiye niliyeyasafisha. Niliondoa mauzo yaliyojirudia, nikajumlisha ya miezi sita iliyopita, nikapanga wa kwanza hadi wa arobaini. Alhamisi mkurugenzi alisaini. Ijumaa saa kumi alasiri redio zilisoma, na mji mzima ukaanza kubishana. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa nikijisifu kwamba kwangu hakuna anayeonewa.

Mama mdogo ni fundi cherehani. Anashona sare za shule na mapazia, na ana ulimi unaochoma, kwa hiyo wateja walimbandika jina la Bi Sindano, likamkaa. Aliimba kwenye harusi za watu miaka ishirini na miwili. Wenzake walipokuwa wanaitwa studio, yeye alikuwa anakata vitambaa ili mimi nilipiwe ada. Alipofikisha miaka hamsini na mmoja ndipo alipoanza kurekodi nyimbo zake mwenyewe. Uwezo wa kulipia albamu nzima kwa mkupuo hakuwa nao. Alirekodi wimbo mmoja, akautoa, kilichoingia akarekodia wa pili. Kwa miezi mitano alitoa singo tano namna hiyo, na watu wakazinunua. Ile ya tatu, ya mwanamke aliyerudishiwa pete yake kwa posta, ilipanda hadi nafasi ya nne.

Kisha albamu ikatoka, nyimbo tisa kwa bei ya nane. Duka la mtandaoni likawatangazia wale waliokuwa na singo zote tano: hamna haja ya kununua upya, ongezeni bei ya nyimbo tatu tu, tuwakamilishie albamu. Mwenye ukumbi mkubwa wa mjini naye alikuwa amemwahidi mama mdogo kwamba akiingia kumi bora za albamu, jukwaa ni lake Jumamosi nne mfululizo.

Jumatano ile nilifungua faili nikaona watu elfu tano mia moja na kumi na wawili wamekamilisha albamu yake ndani ya wiki moja. Kwa idadi hiyo alikuwa anaingia nafasi ya pili. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikakumbuka kanuni ya tisa, kicheko kikanikauka mdomoni.

Kanuni ya tisa ilikuwa na vipengele viwili. Cha kwanza kilisema mtu akikamilisha albamu, singo alizonunua mwanzo zinatolewa kwenye orodha ya nyimbo, maana sasa ni mali ya albamu. Cha pili kilisema kukamilisha hakuhesabiwi kuwa albamu iliyouzwa kama malipo ya kukamilisha hayafiki nusu ya bei. Ukikisoma kila kimoja peke yake hukioni ubaya. Kimoja kinazuia mtu kuhesabiwa mara mbili, kingine kinazuia kampuni kugawa albamu kwa bei ya peremende. Lakini tatu haifiki nusu ya nane. Watu wa mama mdogo walitolewa kwenye orodha ya nyimbo, na kwenye albamu wakafungiwa mlango.

Nikaenda kwa mkurugenzi na karatasi mkononi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, anayenyoosha kalamu zake mezani huku unaongea.

"Bosi, huyu ni mama yangu mdogo, undugu wetu nilishauandikia barua ofisini. Ila naomba utazame hesabu. Hawa wamelipa bei kamili ya albamu, tano mwanzo na tatu sasa. Wamelipa kwa awamu mbili tu."

"Kanuni inasema malipo ya kukamilisha."

"Basi singo zao zibaki kwenye orodha ya nyimbo."

"Kanuni inasema zitolewe."

"Sasa hawa watu watakuwa wapi?"

Akavua miwani, akanitazama kwa upole ambao mpaka leo nikiukumbuka damu inanichemka. "Dada, huyu angekuwa mtu baki, ungekuja hapa?"

Nilijua kuna wengine waliokwisha kupita mikononi mwangu kwa kanuni hiyohiyo, wawili watatu hivi, na sikunyanyuka kitini. Nikarudi kwenye meza yangu. Nikawaondoa wote kwa amri moja. Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo.

Ijumaa nilikwenda dukani kwake. Nilifikiri ni heri nimwambie mwenyewe, lakini nilichelewa kwa makusudi, ukweli ndio huo. Nilipofika redio ilikuwa imeshaanza. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, mmoja na mfuko wa sketi za shule za kupunguza kiuno. Mama mdogo alikuwa anashona huku akisikiliza. Wimbo wa pete ulisomwa nafasi ya thelathini na moja. Akasimamisha cherehani. Orodha ya albamu ilisomwa hadi mwisho na jina lake halikutajwa.

Simu yake ikalia papo hapo. Alikuwa mwenye ukumbi. Tulimsikia mama mdogo akisema, "Nimesikia. Sawa. Nimesema sawa." Akaiweka simu juu ya kitambaa na kunigeukia.

"Shikamoo, ma'mdogo."

Hakuitikia. "Waliokamilisha albamu yangu ni wangapi?"

"Elfu tano mia moja na kumi na wawili."

"Na waliohesabiwa?"

"Hakuna."

Yule mwenye sketi akaangalia chini. Nikaanza kueleza kanuni, kipengele cha kwanza, kipengele cha pili, nusu ya bei. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Wewe ulijua lini?"

"Jumatano."

"Leo Ijumaa."

"Nilimwambia bosi, ma'mdogo. Nilibishana naye."

"Halafu?"

"Halafu nikaondoa."

Alinyanyuka akaja karibu. "Watu elfu tano wametoa pesa yao mara mbili kwa ajili yangu, wewe ukaandika sifuri. Mwanangu, hata mwizi huacha nyayo. Hawa umewafanya hawakuzaliwa." Akarudi kwenye cherehani. "Nenda. Nikiendelea kukutazama nitasema neno nitakalolijutia."

Nilikwenda. Kwa wiki tatu hakupokea simu zangu.

Wiki ya nne ndipo Radi alipotoa albamu yake. Radi ni kijana aliyekuwa anapendwa mno wakati huo, na kampuni yake ndiyo iliyodhamini kipindi cha redio kinachosoma orodha zetu. Nyimbo kumi kwa bei ya nane. Singo tano zilitangulia, na wa kukamilisha waliongeza bei ya nyimbo tatu. Nililitazama faili lile mara mbili. Hesabu ilikuwa ileile, ndururu kwa ndururu.

Sikufurahi. Nilisema moyoni, na huyu naye anaingia shimoni, angalau mkurugenzi ataona. Nikaandaa orodha kwa kufuata kanuni, Radi hayumo, nikaipeleka isainiwe.

Mkurugenzi aliniita baada ya nusu saa. Alikuwa ananyoosha kalamu.

"Huyu kijana umemwacha nje."

"Kanuni ya tisa, bosi. Tatu katika nane."

"Ile kanuni inataka kusomwa kwa busara. Malipo ya kukamilisha maana yake ni jumla ya alicholipa mtu mpaka kukamilisha. Jumlisha na zile singo."

"Hayo ndiyo niliyokuambia mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita ulikuwa unamtetea ndugu yako."

"Na wewe leo unamtetea nani?"

Mtu wa usafi aliyekuwa anapiga deki nje ya mlango akaacha kupiga deki. Mkurugenzi akasema kwa sauti yake ileile ya chini, "Rekebisha, nitasaini. Kama huwezi, acha hapo, nitamtafuta anayeweza."

"Basi na wiki ile ya Bi Sindano tuirekebishe."

"Wiki ile imefungwa."

Nilirudi mezani. Nilikuwa na hasira naye, lakini iliyonichoma zaidi ilikuwa ya kujikasirikia. Siku ya mama yangu mdogo nilikubali kwa sababu niliogopa kuonekana napendelea. Nilijificha nyuma ya unyoofu wangu kama mtu anayejificha nyuma ya pazia huku miguu inaonekana.

Taarifa ya wiki kwa redio na maduka nilikuwa naituma mimi. Nikaiandika. Nikaweka orodha mbili, moja Radi akiwemo nafasi ya kwanza, nyingine akiwa hayumo. Chini yake nikaweka wiki ya mama mdogo, nayo kwa njia zote mbili: hayumo, na nafasi ya pili. Nikaongeza mistari michache: kanuni ni moja, wiki hii tumeagizwa kuisoma kwa njia moja, mwezi uliopita tuliisoma kwa nyingine, chagueni ipi ni ya kweli. Nikaweka jina langu na cheo changu. Safari hii kompyuta haikuniuliza kama nina uhakika.

Ijumaa saa kumi mtangazaji alisoma yote hewani, mpaka ile mistari yangu. Alihitaji ujasiri, maana mdhamini wa kipindi ni kampuni ya Radi. Saa kumi na moja barua yangu ya kusimamishwa kazi ilikuwa tayari. Sijui ilichapwa saa ngapi.

Kamati inayosimamia orodha ilikaa wiki mbili. Ikaamua Radi aondolewe kwa wiki ile, na kuanzia mwezi unaofuata malipo yote mawili yajumlishwe. Mwezi ulipofika Radi akaingia wa kwanza kwa kanuni mpya, akapiga picha na mkurugenzi. Kuhusu mama mdogo waliandika sentensi moja, kwamba wiki iliyofungwa haifunguliwi. Mimi nilifukuzwa kwa kutoa siri za ofisi.

Siku ya kuchukua vitu vyangu nilimkuta mama mdogo amesimama mlangoni pa duka la rangi, mkoba kwapani. Hakunisalimu. Alitangulia kupanda ngazi, nikamfuata.

"Nataka barua," alimwambia mkurugenzi. "Iandikwe watu wangapi walikamilisha albamu yangu wiki ile. Na muhuri."

"Mama, ofisi haitoi barua kwa mtu mmoja mmoja."

"Mimi si mmoja. Tupo elfu tano mia moja na kumi na watatu." Akavuta kiti akaketi. "Sina haraka. Sare za shule nimeshamaliza."

Alikaa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Hakupaza sauti hata kidogo. Kila aliyeingia alimwambia anachosubiri na kwa nini, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtu wa kuleta maji akawa anawaeleza wengine kwa niaba yake. Saa nane mkurugenzi aliipiga muhuri barua ile, akaisukuma mezani bila kumtazama.

Mama mdogo akaipeleka moja kwa moja kwa mwenye ukumbi. Yule bwana aliisoma, akakuna kidevu, akasema anaweza kumpa Jumamosi moja, ya mwisho wa mwezi, siku ambayo watu hawana pesa.

"Uliniahidi nne."

"Mambo yamebadilika, Bi Sindano."

"Yamebadilika kwako. Basi kaa nayo."

Akaazima ukumbi wa shule anayoishonea sare, Jumapili mchana. Viti mia tatu vilijaa, wengine wakasimama kwenye madirisha. Mimi nilikaa mlangoni kupokea tiketi. Kabla ya wimbo wa kwanza aliwasomea barua, muhuri na yote, kisha akasema, "Mliambiwa hampo. Naona mpo." Hakutabasamu. Aliimba nyimbo zote tisa akiwa na hasira, na ule wa pete aliuimba hivi kwamba mwanamke mmoja mbele yangu alivua yake akaiweka mfukoni.

Watu walipoondoka tulibaki tunapanga viti, mimi na yeye. Tulimaliza safu nzima.

"Wanakusifu mjini kwa ile ya Radi," alisema hatimaye.

"Nasikia."

"Mimi nilitaka ukatae siku yangu. Siku ambayo hakukuwa na wa kukusifu."

"Najua, ma'mdogo."

Alinyanyua kiti, akakiweka juu ya kingine, akapangusa mikono. "Kesho uje mapema. Kuna mapazia ya hospitali, mita sitini, na sina wa kunishikia upande wa pili."