Waya Wenye Plagi Mbili

Brightson hakuniita kwa sababu ananiheshimu. Aliniita kwa sababu nilisoma chuo cha ufundi pamoja na mkewe, Noela, naye akadhani fundi umeme aliye rafiki wa mkewe hatakuwa mbishi. Ilikuwa ile wiki ambayo redio zote zilikuwa zinatangaza kwamba kimbunga kimo baharini na kinasogea pwani. Siku ya Alhamisi nikatoka kwangu Vingunguti na begi la vifaa mpaka Madale, kwenye nyumba yake juu ya kilima.

Ni nyumba iliyojengwa ili itazamwe. Sebuleni, ukuta mzima unaoelekea mashariki ni kioo kutoka sakafuni hadi darini, na grili hakuna, maana grili zinaharibu mwonekano. Nilimkuta amepanda juu ya stuli anabandika selotepu kwenye kioo, kutoka kona hadi kona, kama mwalimu anayekosoa hesabu. Mama yake, Rosalia, mwanamke mnene mpole aliyekuja kutoka Masasi kutibiwa macho, alikuwa amekaa kwenye kochi anamkatia vipande.

Nikamwamkia mama. Kisha nikamwambia shemeji yangu kwamba selotepu haizuii kioo kuvunjika, na kikivunjika kitaanguka mapande makubwa badala ya madogo. Kinachosaidia ni mbao za plaiwudi zifungwe kwa nje kwa skrubu, kama alivyokuwa akifanya jirani yake Shomari wakati huohuo. Tulikuwa tunamsikia akitoboa ukuta.

Brightson alicheka mpaka stuli ikatikisika. Akasema Shomari ameigeuza nyumba yake kibanda cha Tandale, na yeye hakujenga miaka saba ili aje ajifungie ndani ya boksi. Selotepu ameiona kwenye video ya Wamarekani, na wale vimbunga wanavipata kila mwaka.

"Nyie mafundi wa huku mmeviona wapi vimbunga?" akaniuliza.

Nadhani hiyo video hakuimaliza. Brightson ni mtu wa kuanza kujua vitu.

Jambo aliloniitia hasa lilikuwa jenereta. Ilikuwa kwenye baraza la nyuma, mpya, nyekundu, bado ina karatasi za dukani, na alitaka iwashe nyumba nzima. Kazi yenyewe alishaianza. Alinionyesha waya mrefu aliokuwa ameutengeneza kwa mkono wake, wenye plagi ncha zote mbili. Plagi moja inaingia kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani, na umeme unaingia nyumbani kinyumenyume. Alitaka tu nimkazie nati.

Nikamweleza polepole, kama ninavyowaeleza vijana ninaowafundisha kazi. Usipozima mein swichi, ile swichi kuu ya nyumba, umeme huo haukai nyumbani kwako. Unapita kwenye mita, unatoka hadi kwenye nguzo, unaingia kwenye waya za mtaa ambazo kila mtu anaamini hazina kitu. Inatakiwa ifungwe swichi ya kubadilishia, ili umeme wa mtaa na wa jenereta visiweze kukutana hata mtu akisahau.

Akasema yeye hasahau. Akasema mein swichi ataizima mwenyewe kila mara, na kwamba wanaume wanafanyaga mambo haya kila siku bila kuandikiwa barua.

"Kama unaogopa umeme, dada yangu, kwa nini umesomea?"

Nikafunga begi. Noela alinisindikiza hadi getini akiomba radhi kwa sauti ya chini, na mie nikatoka na hasira zangu. Nilipita mbele ya nyumba ya Shomari. Mkewe, Raudha, alikuwa amesimama mlangoni na skrubu kiganjani, anampa mumewe moja moja. Akanisalimia, nikaitikia, nikaendelea na safari. Nakumbuka nilikuwa natabasamu. Nilikuwa nawaza sura ya Brightson siku umeme wa mtaa utakaporudi na kuiunguza jenereta yake.

Kimbunga chenyewe hakikufika Dar. Tulipata ukingo wake tu, Jumamosi, na ukingo ulitosha. Kwetu mabati yaliruka, umeme ukakatika toka alfajiri. Jioni nikapata ujumbe wa Noela kwamba kioo cha sebuleni kimeingia ndani chote, mama amechanika mguu, niende nikaangalie soketi zilizolowa. Jumapili asubuhi nikaenda, kwa ajili ya mama.

Mtaa wao ulikuwa umejaa matawi na matope. Nguzo ya chini ya kilima ilikuwa imelala upande na waya umekatika. Kile kipande kinachokwenda kwa Brightson na Shomari kilikuwa kimeanguka barabarani, kimeingia kwenye dimbwi na kutoka upande wa pili. Watu walikuwa wanakiruka tu, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tangu jana na kila mtu alijua hivyo.

Nyumba ya Shomari ilikuwa nzima, plaiwudi zake zote mahali pake. Kwenye baraza taa yao moja ilikuwa inawaka, mwanga hafifu, mwekundu kidogo. Na kutoka nyuma ya nyumba ya Brightson nilisikia jenereta inaguruma.

Raudha alikuwa barabarani, peku, na ndoo ya maji mkononi. Aliponiona akafurahi. Akasema kwao umeme umerudi, ila ni mdogo, basi angalau watachaji simu. Huku anasema akainama ausogeze ule waya pembeni apite na ndoo yake.

"Raudha, usiguse! Simama hapohapo."

Alisimama. Mkono wake ulikuwa umebakiza kama shubiri mbili. Nikamwambia arudi nyuma kwa hatua fupifupi, asinyanyue miguu juu. Shomari alitoka, nikamwomba azuie watu pande zote mbili, kisha nikakimbia kwa Brightson.

Sebule ilikuwa haina ukuta. Mapande makubwa ya kioo yalikuwa yananing'inia kwenye selotepu na mapazia yamelowa hadi juu. Brightson alikuwa amekaa kwenye kochi lenye maji, anatazama mpira.

Nikamwambia azime jenereta, mein swichi haijazimwa. Akasema ameizima. Nikafungua boksi mbele yake: swichi ilikuwa juu, imewashwa. Akasema labda ni Noela. Halafu akasema friji lina nyama. Nikamwambia nje kuna mtu nusura afe sasa hivi. Hapo alisimama akaziba mlango wa kwendea barazani.

"Umeme wangu uko ndani ya geti langu," alisema. "Waya wa barabarani si wangu."

Nilitaka kumjibu, lakini jenereta ilinyamaza na televisheni ikazimika. Noela alikuwa amezungukia jikoni. Alirudi na ule waya ameukunja mkononi, akampita mumewe bila kumtazama, akanipa.

"Kata," alisema.

Nikatoa koleo nikaukata katikati, kisha kila nusu nikaikata tena. Brightson alisema maneno mengi wakati huo, na sioni haja ya kuyarudia. Mama Rosalia, mguu umefungwa kanga, akasema, "Asante, mwanangu." Hakusema anamshukuru nani.

Nilitoka nikawaeleza Shomari na mkewe kilichotokea. Shomari alishika kichwa. Raudha akanigeukia.

"Huo waya wake, ulikuwa unaujua?"

"Niliuona Alhamisi."

"Ukapita hapa mlangoni. Nikakusalimia."

Alichukua ndoo akaingia ndani.

Mchana walikuja mafundi wa shirika la umeme. Nilimweleza msimamizi wao kila kitu, na yeye akakata waya unaoingia kwa Brightson, akasema hatarudishiwa mpaka swichi inayotakiwa ifungwe. Kufikia jioni mtaa mzima uliwaka isipokuwa nyumba moja, ile ya juu, yenye mashuka mahali pa kioo. Nilifurahi kuiona vile. Sitadanganya. Kumdharau Brightson ni kazi rahisi, na niliifanya vizuri. Ila dharau hiyohiyo ndiyo iliyonipitisha mlangoni kwa Raudha nikiwa natabasamu. Maneno machache tu pale mlangoni yangetosha.

Swichi nilikuja kumfungia mimi mwenyewe, Noela aliponiomba. Brightson alikaa chumbani muda wote.

Wiki mbili baadaye ikatangazwa mvua nyingine kubwa yenye upepo. Sikungoja kuitwa. Nilianzia chini ya kilima, nikagonga kila geti nililosikia lina jenereta. Yalikuwa sita. Kwenye mawili nilikuta waya uleule wenye plagi ncha zote mbili. Mwenye nyumba mmoja aliniachia niukate. Wa pili aliniita mwendawazimu akanifungia geti, basi nikaenda kwa majirani zake, nyumba kwa nyumba, nikawaambia.